Logan, The Dark Knight au Spider-Verse kwa kijana wa miaka 13?

Mama Kofia (Lamu, Langoni), Ijumaa saa 4 usiku

Assalaam aleikum, na habari za usiku. Nawauliza wazazi, na wasio wazazi wakitaka wajibu pia, bora wawe wameziona hizo sinema wanazozisemea.

Mwanangu ana miaka 13. Likizo hii hanipi nafasi, anataka Logan, ile ya Wolverine, shujaa mwenye kucha za chuma, ya mwaka 2017. Binamu zake wa Malindi wameshaiona na wameshamsimulia nusu. Nikamwambia ngoja niione mimi kwanza. Basi juzi, nyumba ilipolala, nikaipachika flashi kwenye laptopu ya mdogo wangu, nikakaa nayo na kofia yangu mkononi nikishona. Sinema ni dakika 137. Kwa muda wote huo nilimaliza matundu manne, na mawili asubuhi ilibidi niyafumue.

Nimeipenda na imenichukiza, na siwezi kusema lipi limezidi.

Damu kwanza. Si ngumi na mateke ya mashujaa wa katuni tuliowazoea, mtu anarushwa ukutani anainuka anajipangusa. Hapa kucha za chuma zinaingia kichwani upande huu na kutokea upande ule, na mikono inakatwa. Na mmoja wa wakataji ni mtoto wa kike, Laura, ana kucha mikononi na miguuni. Marekani waliipa R, yaani aliye chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima. Uingereza wakaipa 15, na huko aliye chini ya hapo haingii hata akiongozana na babake. Dafne Keen aliyemwigiza Laura alizaliwa 2005, kwa hivyo sinema ilipotoka alikuwa na miaka 12. Kuicheza ameicheza, kuingia kuiona London asingeruhusiwa!

Sasa upande wa pili. Kuna mzee Charles, anayeigizwa na Patrick Stewart. Katika filamu za nyuma za X-Men, kundi lao la mashujaa, ndiye mwenye akili kuliko wote. Hapa yuko miaka tisini na kitu, ubongo umeanza kumruka, amefichwa ndani ya tangi kuukuu upande wa Mexico. Logan ndiye anayemtafutia dawa. Anagombana naye, anambeba, anamngoja chooni. Wallahi pale nilisimamisha. Baba mkwe wangu tuko naye hapa nyumbani, na anayeamka usiku kumpeleka chooni ni huyu huyu kijana wangu. Sijapata kuona sinema ya aina hii inayoonyesha kazi ile jinsi ilivyo, kuchoka kwake na mapenzi yake kwa pamoja. Hilo nataka alione.

Lakini kuna ile karamu. Njiani wanawasaidia watu fulani, baba, mama na kijana wao, ambao farasi wao wamewatoroka barabarani. Wanaalikwa chakula. Logan anataka waende zao, mzee anakubali mwaliko. Wanakula, wanacheka, wanapewa vyumba walale. Logan anajua fika kwamba wanawindwa, na hasemi. Usiku ule ule wauaji wanafika. Mzee Charles anauliwa kitandani. Mama na kijana wa watu wanauawa ndani ya nyumba yao. Na yule baba, naye keshajeruhiwa vibaya, kabla ya kukata roho anamwelekezea Logan bunduki na kuvuta, tena risasi zimemwishia. Ameaga dunia akimchukia mgeni aliyemlisha.

Damu nitamfumba macho. Hilo la karamu sijui nitamfumba nini.

Nimefikiria hivi: nimwonyeshe nikiwa naye, au nimpe The Dark Knight ya Batman, ambayo Marekani ni PG-13, yaani wazazi watahadhari kwa walio chini ya miaka 13, au ile Spider-Verse ya kwanza, katuni ya Spider-Man, PG, yaani mzazi aangalie tu, tumalize maneno. Au nijitie sijui, aende akaione kwenye banda la video. Nishaurini.

Steringi Hafi (Lamu, Mkomani), saa 4 na nusu usiku

Mama, mwache aone. Sisi tumekulia bandani, tumeona watu wakikatwa tangu hatujaota meno ya pili, na hatujamkata mtu. Ila mtayarishe kwa jambo moja: kwenye hii steringi ANAKUFA. Mimi na ukubwa wangu nilidhani flashi ina kasoro, nikairudisha dukani.

Baba Pacha (Malindi, Barani), Jumamosi saa 2 asubuhi

Bi Mama Kofia, hiyo PG-13 isikudanganye. Nilidanganyika mimi.

Mwaka juzi pacha wangu walikuwa na miaka 11. Nikasema Logan la, Deadpool hasha, The Dark Knight sawa, kwa kuwa ni Batman na hata mimi nilimpenda utotoni. Na kweli, ukihesabu matone ya damu ni kidogo mno. Mtu anagongwa uso kwenye penseli iliyosimama mezani na huoni hata tone. Wapimaji, nionavyo, wanahesabu kilichoonyeshwa. Mtoto anahesabu alichokielewa.

Kilichowaumiza wangu ni mwisho. Harvey Dent, mwendesha mashtaka aliyegeuka muuaji, nusu ya uso imeungua hadi mfupa, amemshika mtoto wa Gordon, yule polisi rafiki wa Batman, na bastola kichwani, na babake mtoto amesimama palepale hana la kufanya. Mmoja wa pacha alilala na taa wiki nzima. Alikuwa ananiuliza, baba, ungefanyaje? Mwenzake ndiyo kabisa, alianza kumwigiza Joker, adui wa Batman. Kulamba midomo, kucheka, mpaka mbele ya bibi yake. Heath Ledger aliyemcheza alipewa Oscar akiwa amekwishafariki, na haki yake. Ndipo shida yangu ilipo: ukitoka pale anayebaki kichwani ni adui. Kwenye Logan humtamani mtu yeyote, wote wanaumwa na wote wamechoka.

Mimi kati ya mbili hizi ningechagua Logan. Mke wangu anasoma nyuma ya bega langu, anasema angeulizwa yeye.

Mwalimu wa Likizo (Malindi), Jumamosi saa 4 asubuhi

Nakubaliana na Baba Pacha kuhusu vibandiko vya umri. Na hapa kwetu, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ina madaraja yake manne: GE ya wote, PG, 16 na 18. Tatizo ni kwamba flashi haina kibandiko. Ukinunua sinema kumi dukani, ya mtoto mchanga na ya watu wazima zinakaa folda moja.

Kuhusu Spider-Verse: ni nzuri sana. Ilitoka 2018, ikachukua Oscar ya filamu za katuni, na michoro yake inafanana na kurasa za kitabu hasa, mpaka vidoa vya wino. Lakini usidhani haina kifo. Miles, kijana ambaye ndiye Spider-Man wa humo, anagundua kwamba muuaji mwenye barakoa ni amiye, ndugu wa babake, yule anayemwendea akichoshwa na nyumbani. Kisha ami yule anapigwa risasi na kufia mikononi mwake, na babake Miles, ambaye ni polisi, anafika na kudhani huyu Spider-Man, asijue kwamba ni mwanawe, ndiye aliyeua. Hakuna utumbo nje, hakuna kichwa kilichotobolewa. Darasani kwangu ndiyo iliyowaliza wengi.

Ila kijana wa miaka 13 aliyeomba Logan ukampa ya katuni, umemwambia wewe bado mdogo. Atakwenda bandani siku ya pili yake.

Jambo jingine, ambalo Bi Mama Kofia hukuligusa. Ndani ya Logan mna vitabu vya katuni vya X-Men vyenyewe. Laura anatembea navyo, anaviamini. Logan anamwambia kwamba humo robo tu ndiyo iliyotokea, na haikutokea vile, kwa sababu huku nje watu wanakufa. Wolverine alianza kwenye kurasa za vitabu vya katuni mwaka 1974, amekata watu kwa miaka na mikaka na msomaji hakunusa chochote. Hugh Jackman naye amemcheza tangu 2000. Sinema hii ndiyo inayokuja kudai gharama ya yale yote. Damu ikiondolewa, hoja yenyewe inaondoka nayo. Kwa hivyo mimi nasema usimfumbe macho. Ama aone, ama asione.

Nahodha Mstaafu (Lamu, Shela), Jumamosi baada ya Adhuhuri

Mwanangu Mama Kofia, umesema ajibu aliyeiona. Mimi sikuiona wala sitaiona, mato yangu hayataki tena. Nitasema hivyo hivyo, unisamehe.

Neno moya tu. Huyo kijana unasema anaamka usiku kumpeleka babuye chooni. Miaka 13. Sasa sinema ya Marekani ije imfundishe kumtunza mzee? Kama ni hilo unalolitaka, analo tayari. Huyo Logan ndiye wa kuya kumtazama mwanao!

Na hiyo karamu. Nimekaa na habari hii tangu asubuhi, nimewahadithia barazani, wamegawanyika. Mmoja anasema mgeni hana kosa, mzee alikuwa na njaa. Mwengine anasema mtu akiya kwako na adui nyuma yake asikwambie, amekuua yeye. Tumebishana hata kahawa ikapoa. Sasa nauliza: je, mwanao hatakiwi kubishana hivi? Mimi nimekwambia asione, na nusu yangu inasema aone. Allah ndiye ajuaye.

Duka la Flashi (Malindi), Jumamosi saa 11 jioni

Mama Kofia, chukua ushauri wa muuzaji. Kuna Logan mbili. Ya pili inaitwa Logan Noir, ni sinema ile ile yote imegeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe. Ilitoka Mei 2017, miezi miwili baada ya ya kwanza. Damu ndani yake ni kama wino au mafuta ya gari. Haijakatwa kitu, hiyo nakwambia mapema, lakini jicho halishtuki vile. Wateja wenye watoto wakubwa huwapa hiyo, wanasema wanaanza kusikiliza maneno.

Kuhusu bandani, sisemi vibaya, nami nilianzia huko. Lakini kule sinema inakuja na msimulizi juu yake, wa mtindo wa DJ Afro, na kazi ya msimulizi ni kuchekesha. Kichwa kikikatwa watu wanapiga makofi. Nampenda DJ Afro kuliko steringi wengi, ila hii si ya kupigiwa makofi.

Mama Kofia, Jumamosi saa 3 usiku

Ahsanteni nyote. Nahodha, umenitoa machozi na kicheko. Mwalimu, la vitabu vya katuni nililiona lakini nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, likanipita nusu.

The Dark Knight nimeifuta kichwani. Hilo la mtoto na bastola mbele ya babake, huyu babake yuko Mombasa kazini na tunamwona mara moja kwa miezi miwili, sitaki aanze kulala akihesabu. Spider-Verse ataiona na mdogo wake. Duka la Flashi, naitaka hiyo ya nyeusi na nyeupe, nimtume mtu lini?

Steringi Hafi, saa 3 na dakika 10 usiku

Nyeusi na nyeupe?? Masikini kijana wa watu.

Mama Kofia, Alhamisi saa 5 usiku

Nawaletea habari kwa kuwa mmesumbuka.

Tumeiona jana, nusu. Nilimwambia masharti: unakaa nami, hupeleki mbele, na nikisema simamisha unasimamisha. Damu haikumshughulisha, sijui ni hiyo rangi au ndio umri wao. Laura alipoanza kukata, alinitazama mimi uso kuona nafanyaje. Mimi nilikuwa nikimtazama yeye.

Pale Charles anapongojewa chooni, hakusema kitu. Alicheka kidogo kwa pua, kama mtu aliyetajiwa jina lake barabarani.

Katikati babu akaamka. Akatoka na bakora yake, akakaa kwenye kiti chake, akauliza huyo mzee ni nani. Mjukuu akamweleza chote, farasi, tangi na dawa. Wakafika mezani, wanapakuliwa, na babu akasema, mzee mwenzangu anakula vizuri. Wamemaliza kula tu, stima ikapotea mtaa mzima.

Tukakaa gizani. Kijana anajua kitakachofuata, binamu zake walishamwambia. Akauliza, mama, mbona hawakuwaambia wenye nyumba kwamba wanafuatwa?

Mimi nikaanza kutafuta maneno. Nikawa nayapanga yale ya barazani kwa Nahodha, ya huyu na ya yule. Babu akanitangulia. Akasema, walikuwa na njaa.

Kijana akanyamaza, kisha akasema, lakini na wale wengine wamekufa. Babu akasema ndiyo. Akaomba apelekwe chooni, wakaenda wote wawili na taa ya simu.

Stima ilirudi saa 8 usiku. Sehemu iliyobaki ni Jumamosi, na flashi nimeificha ndani ya debe la unga.

Duka la Flashi, Alhamisi saa 5 na robo usiku

Bi, unga utaingia kwenye mdomo wa flashi. Halafu kama ana miaka 13, keshaitoa.