Mrejesho: mzee wangu na saratani ya utumbo mpana

Wakuu, niliuliza humu kama saratani ya utumbo ikifika steji ya 3 ndo basi tena. Kumbe bado, steji 3 maana yake imeingia kwenye tezi za limfu za jirani (vitezi vidogo vya kinga ya mwili) ila haijafika ini wala mapafu, ikifika huko ndo steji ya 4. Mzee kashakatwa kipande cha utumbo, sasa yuko hospitali ya saratani ya Ocean Road anapigwa kemo (dawa za kuua seli za saratani) kumaliza mabaki yasiyoonekana, moja ya dawa inaitwa oksaliplatini na haipatani na baridi kabisa yani, joto lote hili la Dar akigusa tu chupa ya maji ya friji vidole vinamchoma kama kapigwa shoti, basi anakunywa ya uvuguvugu huku kanuna 😂 Sisi watoto tumeambiwa tukapime kolonoskopi (kamera ya kuangalia ndani ya utumbo mpana), mi naenda Jumatatu.