Mrejesho: amplifaya iliyokuwa inajizima

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini amplifaya yangu inajizima kila nikipandisha sauti, wakati spika zote nne zimeandikwa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyozuia umeme) na nyuma ya amplifaya pameandikwa omu 6 hadi 16.

Kumbe kosa lilikuwa langu, kwenye waya. Kila upande nilifunga spika mbili sambamba, yaani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, kwa hiyo amplifaya ilikuwa inaona omu 4, si 8. Ukinzani ukipungua, mkondo wa umeme unazidi, inachemka, inajikata. Aliyeniambia niguse kifuniko chake baada ya dakika kumi, asante, mkono haukukaa.

Nimezifunga kwa mfululizo: chanya ya amplifaya kwenye chanya ya spika ya kwanza, hasi ya spika hiyo kwenye chanya ya spika ya pili, hasi ya pili ikarudi kwenye amplifaya. Sasa ni omu 16. Sauti imepungua, sikatai, ila jana ilipiga jioni nzima bila kukatika.

Halafu mita ya kupimia umeme ikanitisha: ilisoma omu 6.3 kwenye spika ya 8. Si mbovu. Mita hupima ukinzani wa koili kwa umeme wa betri tu. Muziki ukipita, ukinzani hupanda na kushuka kufuata masafa ya sauti, yaani uzito au wembamba wake, na ile 8 ni kadirio tu.