Linux mbili, diski mbili, menyu moja ya kuwashia: tupeane uzoefu

Kipanga: Wakuu, kuna mtu kalalamika kwamba baada ya apdeti GRUB (programu ya menyu ya kuchagua mfumo wakati wa kuwasha) inamwonyesha Linux moja tu, nikakumbuka mbali. Mimi diski ya kwanza ina Debian, ya pili Fedora, na menyu imeshikwa na Debian. Fedora ikipata kerneli (moyo wa Linux) mpya, menyu haina habari. Inang'ang'ania ya zamani mpaka nirudi Debian nipige `update-grub`, amri ya kuandika menyu upya. Ya zamani ikishafutwa, kile kistari kwenye menyu kinabaki mzoga. Wenzangu mnaishije?

Nyundo: Hivyo hivyo tu mkuu.

BintiMakini: Aliyepotelewa na Linux ya pili aangalie os-prober, programu inayoitafutia GRUB mifumo mingine. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021 imezimwa. Fungua `/etc/default/grub`, weka `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, kisha `update-grub`. Hakikisha os-prober yenyewe ipo.

Mchakamchaka: Os-prober ya nini? Kila diski iwe na GRUB yake, ukitaka nyingine bonyeza F12 wakati wa kuwasha. Kwisha.

BintiMakini: F12 kwenye mashine yako. Kwingine F11, kwingine F8, kwingine Esc. Na kibodi ya bluetooth hapo mara nyingi haisikii kitu.

Mchakamchaka: Nunua ya waya dada.

Fundi wa Usiku: Nyie mnacheza. Kesho yake nawasilisha kazi ya chuo, kaka yangu kaona diski ya pili "haina kazi", kaiformati aweke video. Mashine ya zamani, ya BIOS (mfumo wa zamani wa kuwashia). Linux ya pili ndiyo iliyosakinishwa mwisho, ikaandika GRUB yake mwanzoni mwa diski ya kwanza, mafaili yake mengine yakabaki ya pili. Nawasha: `error: no such device`, UUID (kitambulisho cha diski) ndefu, halafu `grub rescue>`, hali ya dharura ya GRUB. Kimya. Kazi yangu iko salama salimini diski ya kwanza na siwezi kuifikia! Nikapiga `ls`, zikatoka (hd0) (hd0,msdos1) na nyingine. Nikaielekeza kwenye GRUB ya diski ya kwanza kwa `set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub`, kisha `insmod normal`. Ikagoma: `symbol not found`. Jasho. Kaka kasimama mlangoni anauliza kama video zake zimeingia.

Nyundo: 😂😂 video zake

Kipanga: Ehe, ikawaje?

Mchakamchaka: Hiyo insmod hufanya kazi, ulikosea kuandika.

Fundi wa Usiku: Sikukosea bwana. Kiini kilikuwa cha GRUB ya Linux iliyofutwa, moduli (vipande vyake vingine) ni za hii nyingine, matoleo hayalingani. Niliwasha kwa flashi, nikamaunti diski, nikabaindi /dev, /proc na /sys, nikaingia kwenye Linux yangu kwa chroot, `grub-install /dev/sda` (diski ya kwanza), `update-grub`. Ikawaka karibu na alfajiri.

BintiMakini: Ndiyo maana nasema ukisakinisha ya pili, chomoa diski ya kwanza.

Kipanga: Laptopu yenye diski ya NVMe chini ya skrubu zote hizo? Sithubutu.

Mzee Tamino: Wenye UEFI (mfumo mpya uliochukua nafasi ya BIOS), `efibootmgr -v` inawaonyesha kila ingizo liko diski gani, na `-o` inapanga nani atangulie. Ila Linux mbili za jina moja zikitumia sehemu moja ya EFI (ya mafaili ya kuwashia), zinaandika folda moja na ya mwisho inamfuta mwenzake. Na Kipanga, kwenye `40_custom` (faili la maingizo ya menyu unayoandika mwenyewe) weka ingizo la `chainloader` linaloelekea faili la EFI la Fedora yenyewe. Utasahau `update-grub`.

Kipanga: Najaribu usiku huu mzee.

Nyundo: Mfichie kaka mtu diski kwanza.