Mjadala: Je, kasino ziliuokoa mji wa Atlantic City, au ziliutumia zikauacha?

Mleta mada:

Ndugu wasomaji, naanzisha mjadala huu nikiwa tayari nina upande, na ni haki yenu kuujua mapema. Naamini kuwa serikali haipaswi kuuahidi mji maskini kwamba utafufuliwa na leseni za kasino, na ushahidi wangu ni Atlantic City, mji mdogo wa pwani katika jimbo la New Jersey, Marekani, ambako nilisafisha vyumba vya hoteli ya kasino kwa miaka tisa. Nimesukumwa kuandika kwa sababu wapiga kura wa jimbo jirani la New York waliidhinisha kasino hadi 7 mwaka 2013, tatu kati yake zikatengewa eneo la jiji la New York, na hoja zinazotolewa kuzitetea ni zile zile tulizoambiwa sisi: ajira zitakuja, kodi itaongezeka, mtaa utaamka.

Historia yenyewe ni fupi. Mwaka 1974 wananchi wa New Jersey walikataa kamari ya kasino kwa kura, lakini mwaka 1976 wakaikubali kwa sharti kwamba iwe Atlantic City peke yake, na kwamba kodi yake, ambayo iliwekwa kuwa asilimia 8 ya mapato ya kamari, isaidie wazee na watu wenye ulemavu. Kasino ya kwanza ilifunguliwa Mei 1978. Wakati huo jimbo lingine lililoruhusu kasino lilikuwa Nevada tu, lililozihalalisha tangu 1931, na kwa hiyo mkazi wa Philadelphia au wa New York aliyetaka kucheza bila kupanda ndege hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mabasi yaliwaleta wazee asubuhi na kuwarudisha jioni. Nilizoea kuwaona nikikatiza ukumbi kuelekea kwenye lifti ya wafanyakazi: mama mmoja wa makamo ya bibi yangu, kadi yake ya uanachama imechomekwa kwenye mashine na kufungwa kwa kamba ya plastiki kwenye kifungo cha koti lake, amekaa pale pale nilipomwona saa sita zilizopita. Ukumbi haukuwa na dirisha wala saa ya ukutani.

Mwaka 2006 kasino za mji huo ziliingiza dola bilioni 5.2, na hazijawahi kufika hapo tena kwa wachezaji wa ukumbini. Mwaka huo huo Pennsylvania, iliyopitisha sheria yake mwaka 2004, ilianza kufungua kumbi za mashine za sloti, na wateja wetu wa Philadelphia, walio umbali wa takriban kilomita 100, wakapata pa kuchezea karibu na nyumbani. Kufikia 2012 Pennsylvania ilikuwa imeipita New Jersey kwa mapato ya kasino. Mwaka 2014 zikafungwa kasino 4 kati ya 12 zilizokuwapo, pamoja na Revel, jengo lililogharimu dola bilioni 2.4 na ambalo lilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na watu wapatao 8,000 tukapoteza kazi. Barua yangu ilikuja siku 60 kabla, kama sheria inavyotaka. Niliisoma nimesimama kwenye chumba cha mashuka, na wenzangu wawili wakaniomba niwafafanulie maana yake, kwa kuwa Kiingereza kilikuwa kinawasumbua.

Sitaki tuishie kwenye huruma kwa waliofukuzwa, kwa sababu biashara yoyote inaweza kufungwa. Ninachotaka tukijadili ni hiki: utajiri wa Atlantic City ulitokana na katazo la majirani. Siku jirani alipobadili sheria yake, mji haukuwa na kitu kingine mkononi. Mbaya zaidi, thamani ya majengo iliposhuka, kasino zilikata rufaa dhidi ya kodi ya majengo zilizotozwa, zikashinda, na mji ukageuka mdaiwa wa matajiri wake. Kasino ya Borgata peke yake ilikuwa ikiudai mji dola milioni 165, deni lililomalizwa mwaka 2017 kwa makubaliano ya dola milioni 72. Kufikia Novemba 2016 serikali ya jimbo ilikuwa tayari imechukua usimamizi wa mji. Je, huo ndio uokoaji?

Mchangiaji wa kwanza:

Dada, pole kwa yaliyokupata, na nimekusoma kwa heshima. Hata hivyo naona unaihukumu dawa bila kuuangalia ugonjwa. Atlantic City ilikuwa imeanza kufa kabla ya 1976, kwa kuwa watu waliokuwa wakipumzikia kwenye ufukwe wake walishaanza kupanda ndege kwenda Florida na visiwani, na hoteli za zamani zilikuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine. Kasino ziliupa mji huo mishahara ya watu maelfu kwa zaidi ya miaka 35. Ni kiwanda gani cha Marekani ya mashariki kilichodumu hivyo katika kipindi hicho hicho?

Naomba pia utazame mbali na pwani yako. Detroit ilifungua kasino zake tatu kuanzia 1999, na jiji lilipofilisika mwaka 2013, kodi ya kasino hizo ilikuwa miongoni mwa mapato machache ambayo bado yalitegemewa. Tazama pia mataifa ya wenyeji wa asili. Baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1987 na sheria ya shirikisho ya 1988, zilizoyafungulia makabila hayo njia ya kuendesha kamari kwenye ardhi yao, watu waliokuwa wameachwa bila barabara wala zahanati walipata njia ya kujitegemea. Wapequot wa Mashantucket, kabila dogo sana la Connecticut, walifungua kasino ya Foxwoods mwaka 1992, na mwaka 2023 kasino za makabila nchini kote ziliingiza zaidi ya dola bilioni 40. Hata huko kwako, jengo la kasino ya Taj Mahal lililofungwa Oktoba 2016 lilifunguliwa upya Juni 2018 kwa jina la Hard Rock, kampuni inayomilikiwa na kabila la Seminole la Florida. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa la viongozi waliokula bila kuweka akiba, na kamari inabebeshwa lawama isiyo yake.

Mleta mada:

Kaka, nashukuru. Kuhusu makabila nakubaliana nawe, na nadhani mfano huo unanisaidia mimi. Sheria ya 1988 inataka faida ya kasino ya kabila itumike kwa serikali ya kabila, ustawi wa watu wake na maendeleo yao. Mwenye mali na mwenye shida ni mtu mmoja. Atlantic City haikuwa hivyo, kwani wenye hisa walikuwa mbali, na kodi ya asilimia 8 ilikwenda kwenye mfuko wa jimbo zima. Ni jambo jema kwa wazee wa New Jersey, lakini mkazi wa mtaa wa nyuma ya hoteli alibaki na foleni ya kazi ya usafi na vibasi vya jitney, ambavyo kwa Mtanzania ni daladala, vya kumpeleka huko.

Hilo la mishahara nalo ni kweli, nami siwezi kulikana, kwa sababu karo ya mwanangu ilitoka kwenye zile taulo na mashuka. Lakini mji huo umekaa zaidi ya miaka 15 bila supamaketi kamili. Nilikuwa nikimaliza zamu, nikipita mbele ya maduka ya kununua dhahabu na saa za watu waliofilisika usiku huo, kisha nikipanda basi kwenda mji mwingine kununua mboga. Mabilioni yalipita mita mia mbili kutoka mlangoni mwetu na hayakuweza kuleta duka la nyanya. Mgeni aliegesha gari ndani ya jengo, akala ndani, akalala ndani, akaondoka, na hakuwa na sababu ya kukanyaga mtaa.

Sasa mambo yamekwenda mbali zaidi ya tulivyoyajua mimi na wewe. New Jersey iliruhusu kasino za mtandaoni mwaka 2013, na Mei 2018 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria ya shirikisho ya 1992 iliyozuia majimbo mengi kuruhusu kubashiri michezo, baada ya kesi ambayo New Jersey yenyewe iliipigania. Leo majimbo zaidi ya 30 yanaruhusu kubeti, na mapato ya kasino za mtandaoni za New Jersey yalipita dola bilioni 2 mwaka 2024. Fedha imerudi, ila mchezaji yuko kitandani kwake na simu, na hakuna shuka la kubadilisha. Kwa sheria ya mwaka 2016 kasino zinaulipa mji kiasi maalumu badala ya kodi ya majengo, na kiasi hicho hupimwa kwa mapato ya kamari. Mwaka 2021 sheria hiyo ilibadilishwa ili mapato ya mtandaoni na ya kubashiri michezo yasihesabiwe katika kipimo, jambo ambalo limepelekwa mahakamani.

Ndiyo maana sikubali kwamba kosa ni la viongozi walioshindwa kuweka akiba tu. Unasema tusiilaumu kamari, lakini kila upekee ulipoisha, sheria ilirekebishwa kumlinda mwenye leseni, na mwenye mji akaambiwa asubiri. Naomba unijibu hili kaka, na yeyote anayezitetea leseni za New York anijibu pia: ni kifungu gani katika leseni hizo kinachomlazimisha mwenye kasino aendelee kuulipa mtaa wa Bronx au wa Queens siku wateja wake watakapohamia kwenye simu?