Mrejesho: Nilikataa amri ya Balmamusa

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kama kwenye gemu ya vita ya Tactics Ogre: Reborn nimkubalie Leonar, kamanda wa upande wetu, tuwaue Wawalister wenzetu wa mji wa Balmamusa, lawama wabebeshwe maadui zetu Wagalgastan, ili wenzetu waliobaki wainuke kupigana. Asanteni kwa ushauri. Nilikaa na pedi ya kuchezea gemu mkononi kama dakika 10, kisha nikakataa.

Watu wameuawa vilevile! Tena mauaji nimebambikiwa mimi, yaani Denam, mhusika ninayemchezesha, natafutwa kila kona, na Vyce, rafiki yangu tangu utotoni, kasimama na wauaji. Imeniuma, ila sijuti. Kumbe ningekubali, Vyce huyohuyo angenigeuka kwa kuchukizwa na unyama ule. Hilo limenikaa kichwani mpaka leo.

Nikimaliza, World Tarot, kipengele cha gemu cha kurudi nyuma kwenye hadithi, itanirudisha palepale nijaribu njia nyingine. Sijui kama kidole kitakubali kubonyeza.