Kuishi na mpira wa mkojo: kuvuja pembeni ni kawaida?

Msubiri wa Tanga
Shikamooni wakubwa. Nimewekewa mpira wa mkojo, yaani mrija unaotoa mkojo kibofuni, kwa sababu ya tezi dume, nami nasubiri upasuaji uliosogezwa mbele hadi shinikizo la damu litulie. Kinachonitaabisha ni kwamba kibofu hukaza ghafla, nikabanwa vikali, na mkojo ukapita pembeni ya mpira na kulowesha nguo, hata nimeacha kupanda daladala na kwenda msikitini. Je, nanyi hupatwa na hali hii?

Baba Zuhura
Pole sana, ndugu yangu. Ninaishi na mpira tangu nilipoumia uti wa mgongo, na hali hiyo naijua vizuri. Lile puto linalozuia mpira usichomoke hukera kibofu kwa ndani, nacho hujikaza ili kulisukuma nje. Tazama kwanza mfuko unaopokea mkojo: ikiwa mkojo unavuja pembeni huku mfukoni hakuingii kitu, huenda mpira umejikunja au umeziba, na ukishaunyoosha bila mafanikio nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kesho. Ikiwa mfuko unajaa kama kawaida, mara nyingi ni mkazo tu, na daktari anaweza kukuandikia dawa ya kuutuliza. Kufunga choo nako huuzidisha, jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu. Kuhusu kujisitiri, tafuta mfuko mdogo wa kufungwa mguuni. Ndani ya kanzu au suruali pana hauonekani kabisa, na ule mkubwa uuache kwa ajili ya usiku.

Muuguzi mstaafu
Naongeza machache. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, lakini usiguse sakafu. Uliza mpira wako ni wa aina gani, kwa maana wa silikoni huweza kukaa hadi wiki 12 ilhali wa kawaida hubadilishwa mapema zaidi. Mkojo wa mtu aliyekaa na mpira muda mrefu huwa na bakteria karibu daima, kwa hiyo usimeze antibiotiki kwa sababu ya harufu peke yake. Homa, kutetemeka au maumivu ya kiuno ndiyo ya kukimbilia hospitali. Wala usiuvute mpira mwenyewe, maana puto lenye maji litakuchana njia ya mkojo.

Bin Salim
Kuhusu sala, ndugu, katika madhehebu ya Shafi mwenye udhuru wa kudumu hutawadha baada ya wakati wa kila sala ya faradhi kuingia, kisha husali bila kuchelewa. Suala la mfuko wenyewe mweleze imamu wako faragha, na uumwage kabla ya kutoka nyumbani.