Re: Re: Tiketi ya bure ya mtoto, ricevuta, na Baroko kwa wa miaka 5–7

Kutoka: Mama Wawili, Centocelle
Habari za jioni, wana-Roma. Jumba moja la makumbusho hapa mjini (si Borghese, msianze) limenirudisha mlangoni jana na watoto wawili, wa miaka 5 na 7. Tiketi yangu nilishalipia mtandaoni. Watoto ni bure, kumbe nao walitakiwa kuwekewa nafasi, na dirishani wakataka hati ya umri. PdS zao (vibali vya ukaazi) zimeisha, tuna ricevuta za posta tu (stakabadhi za maombi ya kuhuisha). Maswali mawili: ricevuta inakubalika dirishani? Na nafasi ya mtoto inaongezwaje kwenye bukingi iliyokwisha kulipiwa? Nilitaka waonje Baroko (sanaa ya Roma ya miaka ya 1600) kabla shule haijafunguliwa.

Kutoka: Mzee wa Ostia
Pole, mwanangu. Walio chini ya miaka 18 hawalipi makumbusho ya serikali, pasipoti iwe ya wapi. Ila pale wanapohesabu watu, tiketi ya euro 0 nayo inahesabiwa. Borghese unapewa muda wa saa 2 kwa mkupuo, mabegi unayaacha, na mtoto anakula nafasi sawa na wewe.

Lakini kwa nini uanzie kwenye tiketi? Picha za mchoraji Caravaggio ziko makanisani, bila dirisha la tiketi wala ricevuta. Nenda San Luigi dei Francesi, kikanisa cha Contarelli, upande wa kushoto karibu na altare. Ukuta wa kushoto ni picha ya Wito wa Mathayo, 1599–1600. Ukuta wa kulia ni kuuawa kwake, kwa hiyo wa miaka 5 msimamishe auupe mgongo. Neno Baroko usilitaje. Mwambie ahesabu watu (ni 7), kisha atafute mwanga unatoka wapi. Atasema dirishani. Dirisha lile la pichani halitoi hata chembe. Mwanga unaingia kutoka kulia, juu ya kichwa cha Yesu. Dakika 10, mtoke, gelato. Ukimwongezea picha ya pili siku hiyo hiyo, ya kwanza inafutika.

Kutoka: Dada wa Garbatella
Shikamoo, Mzee. Umesahau sarafu. Vikanisa vingi taa zake ni za kutumbukiza sarafu na huzimika baada ya dakika chache, mtoto ndiyo kwanza yuko mtu wa nne. Beba sarafu za kutosha, atumbukize mwenyewe. Na makanisa mengi hufungwa mchana: fika saa 4 asubuhi (saa zetu, msije mkaenda alfajiri).

Tena kazi inaanzia nyumbani. Zima taa, weka chungwa mezani juu ya kitambaa cheupe, tochi moja. Ukilimulika kwa tochi kutoka mbele, chungwa linakuwa bapa kama chapati. Ipandishe juu ubavuni, nusu inazama gizani, uduara unajitokeza. Wengi wanaharibu kwa kuwasha simu mbili. Vivuli vinakuwa viwili na mtoto haoni kitu. Ukuta mweupe nyuma nao unarudisha mwanga, ufunike kwa nguo nyeusi. Mtoto akishika tochi mara moja, San Luigi ataisoma bila wewe kufungua mdomo.

Kutoka: Kaka wa Mombasa, Pigneto
Picha, picha tu! Na uchongaji je? Mtoto sharti ashike. Nunua sabuni ya Marsiglia, kipande cha gramu 300, ambayo ni sabuni ya mche yetu iliyopewa jina la heshima. Kijiti cha aiskrimu na kijiko kikuukuu, kisu hapana. Achore umbo kwa penseli pande zote nne kwanza, ndipo aanze kuondoa. Aanze na kobe au samaki mnene. Akitaka mtu aliyenyoosha mikono, mwache: mkono utakatika. Hapo ndipo umwonyeshe sanamu ya Apolo na Dafne ya mchongaji Bernini, pale Borghese, 1622–1625, vidole vinageuka majani, marmaru tupu, na haijakatika. Mtu wake wa sabuni asipokatika mkono, hataona ajabu iko wapi. Sabuni iliyokaa sana kabatini hupukutika. Ifunge kwa kitambaa kibichi usiku kucha.

Mkifika mbele ya Daudi wake, mwambie asimame vivyo hivyo: kiwiliwili kimepinda, mdomo umebanwa. Nusu dakika hamalizi.

Kutoka: Mama Wawili, Centocelle
Ahsanteni sana. Na ricevuta?

Kutoka: Jirani wa Torpignattara
Onyesha TS (kadi ya afya), ina tarehe ya kuzaliwa.

Kutoka: Mzee wa Ostia
TS haina picha, si kitambulisho. Msimpotoshe mama wa watu.

Kutoka: Jirani wa Torpignattara
Mzee wangu, nimesema aonyeshe, sikusema ni kitambulisho. Basi awapeleke Piazza Navona, pale hakuna dirisha. Chemchemi ya Mito Minne, Bernini, 1651. Nile (mto uliochongwa kama mtu) kajifunika kichwa asilione kanisa la msanifu Borromini lililo mbele yake. Watoto watacheka.

Kutoka: Dada wa Garbatella
Watacheka uongo. Chemchemi ilizinduliwa 1651, kanisa likaanza kujengwa 1652, Borromini akalishika 1653. Angejificha asione kiwanja? Nile kafunikwa kwa sababu Ulaya ya wakati ule haikujua chanzo chake. Mwambie mtoto hivyo, umpe ubao wa kuandikia na penseli (wino hapana, utaishia kwenye fulana), azunguke atafute simba, farasi na mtende.

Kutoka: Wa Jinja
Na umwambie chanzo kiko wapi. Jinja. Kitambaa kitolewe.

Kutoka: Wa Bujumbura
Jinja ni mlango wa Ziwa Viktoria. Chanzo ni Rutovu, Burundi, na piramidi ya kukionyesha ipo tangu 1938.

Kutoka: Wa Kigali
Mto Rukarara, msitu wa Nyungwe, Rwanda. Unaingia Mwogo, kisha Nyabarongo, kisha Kagera. Ramani haina siasa.

Kutoka: Wa Mwanza, sasa Prati
Sehemu kubwa kuliko zote ya ziwa hilo iko Tanzania na hatupigi kelele. Mmenikumbusha sato wa kukaanga na ndimu, hapa nakula chewa wa barafu.

Kutoka: Papaa wa Lubumbashi
Mnagombania maji na Mwafrika wenu mmemwacha kanisani Santa Maria Maggiore. António Manuel Ne Vunda, balozi wa mfalme wa Kongo, alifika Roma Januari 1608 akafia hapa hapa siku chache baadaye. Sanamu yake ya kifua iko sehemu ya ubatizo: kichwa jiwe jeusi, vazi jiwe la rangi nyingine. Mtoto atauliza kama amepakwa rangi. Hapana, ni mawe tofauti yaliyounganishwa. Mwambie atafute maungio na ahesabu aina za mawe. Mpeleke kwa balozi kwanza, Bernini baadaye. Akianza na Bernini, atakuwa ameshachoka kutazama nyuso zisizofanana na yake.

Kutoka: Mama Wawili, Centocelle
Papaa, hapo pana dirisha?

Kutoka: Wa Bujumbura
Balozi tumempokea. Lakini Rutovu ni Rutovu.